Sembène Ousmane: kwa nini mtunzi wa riwaya aligeukia filamu, na alivuka na nini kutoka kitabuni?

Mtunzi wa Mikindani ameuliza:

Wanajukwaa, salaam na habari za kazi.

Mimi ni mtunzi wa riwaya. Nimechapisha moja, na ya pili iko kwa mhariri. Mwaka huu mtayarishaji mmoja wa tamthilia za televisheni aliisoma ile ya kwanza, akanitafuta, akaniomba niiandike upya iwe skripti ya vipindi 13. Nilikubali, nikajifungia miezi miwili, nikampelekea vipindi vitatu vya mwanzo. Vilirudi vimejaa wino mwekundu, na pembeni mwa karibu kila ukurasa aliandika swali lile lile: "Hili nitalipigaje picha?" Swali hilo lilinichoma zaidi nilipolikuta kando ya sentensi ninayoipenda kuliko zote kitabuni mwangu, ile inayosema kwamba Bi Zuhura alimsubiri mwanawe miaka saba, hata kusubiri kukawa ndiyo kazi yake. Wapo wasomaji walionipigia simu kwa ajili ya sentensi hiyo tu. Mtayarishaji aliifuta kwa mstari mmoja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria Sembène Ousmane wa Senegal. Nilimfahamu kwanza kwa njia ya mzunguko, nilipoisoma Hawala ya Fedha, tamthilia ambayo Amandina Lihamba aliitunga kutokana na hadithi yake na ikachapishwa mwaka 1980. Baadaye nikasoma riwaya zake katika tafsiri za Kiingereza, na mwaka jana ndipo nilipobahatika kuona filamu zake tatu. Ninachotaka kuelewa ni hiki: mtu aliyekwisha kuandika riwaya kubwa kama ile ya mgomo wa wafanyakazi wa reli, mwenye jina na mchapishaji Paris, alisukumwa na nini kwenda kujifunza kazi nyingine alipokaribia umri wa miaka 40? Na alipoivusha hadithi yake mwenyewe kutoka kitabuni hadi kwenye filamu, aliacha nini na alibeba nini? Nawaomba wale waliomsoma kwa makini wanisaidie, kwa sababu nina wiki tatu za kuamua kama niendelee na skripti hii au niirudishe na fedha ya utangulizi.

Mwalimu wa Fasihi amejibu:

Ndugu Mtunzi, pole kwa wino mwekundu, na ahsante kwa kuliuliza swali hili hadharani.

Nianze na maisha yake, kwa kuwa jibu la "kwa nini" limo humo. Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, kusini mwa Senegal, na baba yake alikuwa mvuvi. Shule aliiacha mapema baada ya kugombana na mwalimu mkuu, akavua samaki, akajifunza uashi na ufundi wa magari, kisha mwaka 1944 akaingizwa katika jeshi la Ufaransa. Baada ya vita alivuka bahari hadi Marseille, akawa kuli wa bandarini na mwanachama hodari wa chama cha wafanyakazi, na ni katika maktaba za wafanyakazi hao ndipo alipojisomesha. Hakufika kwenye uandishi kwa njia ya chuo kikuu, kama wengi wa rika lake walioandika kwa Kifaransa. Alifika akiwa na mgongo ulioumizwa na mizigo.

Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956, nayo inamhusu kuli mweusi anayeandika kitabu, kisha mwanamke mwandishi wa Kifaransa anauchukua mswada wake na kuuchapisha kwa jina lake mwenyewe. Tafadhali iweke habari hiyo akilini, kwa maana nitairudia. Mwaka 1960 ikatoka Les Bouts de bois de Dieu, riwaya uliyoitaja, inayosimulia mgomo wa reli ya Dakar na Niger ulioanza Oktoba 1947 na kumalizika Machi 1948, pamoja na matembezi ya wanawake waliotoka Thiès kwenda Dakar kwa miguu. Nimekisoma kitabu hicho na vijana wengi, na sijaona darasa ambalo halikunyamaza tulipofika kwenye matembezi hayo.

Sasa fikiria hali yake aliporudi Afrika mwaka ule ule wa 1960, nchi zikipata uhuru, akasafiri na kuona kwa macho yake nani anasoma na nani hasomi. Wanawake aliowaandika kwa upendo mkubwa namna ile, wengi wao hawakujua Kifaransa wala hawakujua kusoma. Kitabu kilichowahusu kilikuwa kinasomwa Paris, na katika Dakar kilisomwa na maofisa na wanafunzi. Hapo ndipo alipoona kwamba akitaka kuzungumza na watu wake, lazima atafute chombo kisichodai cheti cha shule mlangoni. Mwaka 1962 alikwenda Moscow, akajifunza katika studio ya Gorky chini ya mwongozaji Mark Donskoy, na mwaka 1963 akatoa Borom Sarret, filamu fupi ya dakika zisizozidi 20 hivi kuhusu mwendesha mkokoteni wa Dakar. Baadaye alizoea kuiita sinema shule ya jioni, na jina hilo alilimaanisha, kwani alizichukua filamu zake hadi vijijini, akazionyesha, kisha akakaa na watazamaji kujadiliana nao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usidhani kwamba riwaya ilimchosha. Aliwatafuta wasomaji wake mahali walipokuwa.

Nirudi kwenye ule mswada ulioibwa. Mtu aliyeanza kazi yake kwa kuandika juu ya kuli aliyedhulumiwa kitabu chake hakuweza kuikabidhi hadithi yake kwa mkono wa mwingine bila kujilinda. Aliandika skripti zake mwenyewe, aliongoza mwenyewe, na alikuwa na kampuni yake ya utayarishaji, Filmi Domirev. Wewe huna uwezo huo leo, wala sikulaumu, lakini kabla hujapeleka kipindi cha nne, soma mkataba wako uone kama jina lako litatajwa, na kama riwaya itabaki kuwa mali yako.

Mhariri wa Picha, Nairobi, amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Umeeleza sababu vizuri, nami naomba nieleze kazi ya mkono, kwa kuwa nimekaa miaka mingi nikikata na kuunga picha, na skripti za waandishi wa riwaya nazitambua kuanzia ukurasa wa kwanza.

Ndugu Mtunzi, chukua ile hadithi uliyoisoma kupitia kwa Lihamba. Kwa Kifaransa inaitwa Le Mandat, na Sembène aliigeuza kuwa filamu ya Mandabi mwaka 1968. Ibrahima Dieng ni mzee asiye na kazi, mwenye wake wawili na watoto saba, na mpwa wake anayefagia barabara Paris amemtumia hawala ya faranga 25,000. Katika fedha hizo, 2,000 ni zake, 3,000 ni za dada yake, ambaye ni mama wa kijana huyo, na 20,000 ni za kutunza. Ili aipokee anatakiwa kitambulisho, ili apate kitambulisho anatakiwa cheti cha kuzaliwa, na kila dirisha analokwenda linamtuma dirisha jingine huku majirani wakimkopa fedha ambayo hajaishika.

Filamu inaanza bila neno lolote la kumweleza mtu huyu. Dieng ameketi nje, chini ya mti, kinyozi anamnyoa, na wembe ukimaliza kichwani na kidevuni unaingia puani kuchonga nywele, mzee amefumba macho kwa raha na kuachilia uso wake wote mikononi mwa mwenzake. Kisha anasimama, anatengeneza kanzu yake pana, analipa, anaondoka kwa mwendo wa mtu anayejua kuwa anatazamwa. Katika dakika hizo chache tumeshaelewa kwamba anajipenda, anapenda kuhudumiwa, na uso wake huwapa watu wengine waushike watakavyo. Tukija kumwona mwisho wa filamu jamaa yake msomi akimlaghai na kuichukua hawala yote, akamrudishia gunia la mchele, hatushangai. Wembe ule ulikwisha kutuambia.

Tazama pia barua. Kitabuni barua ya mpwa ni maandishi, tunaisoma kama tunavyosoma barua yoyote. Dieng hajui kusoma, kwa hiyo katika filamu anasomewa, na wakati sauti inasoma, tunamwona kijana mwenyewe Paris akiwa na ufagio barabarani. Sembène hakuongeza sentensi hata moja, lakini sasa tunaona jambo ambalo mjomba wake halioni: kila faranga inayogombaniwa Dakar imefagiliwa kwenye baridi. Kitabuni msimulizi angeweza kutuambia hayo, na katika filamu kazi hiyo imefanywa na kuziweka sauti na picha pamoja.

Mfano wa pili ni La Noire de..., ya mwaka 1966, iliyotokana na hadithi fupi katika mkusanyiko wake wa Voltaïque. Hadithi hiyo inaanza mwishoni: binti Diouana amekwisha kujiua nyumbani kwa waajiri wake huko Antibes, na wapelelezi wamefika. Filamu inaanza anapowasili kwa meli, amevaa vizuri, anajiuliza kama kuna mtu aliyekuja kumpokea. Msomaji anapewa kifo kwanza, kisha anatafuta sababu. Mtazamaji anapewa matumaini kwanza, na anafungiwa jikoni pamoja na binti mpaka anakosa hewa. Hadithi ni ile ile, mtunzi ni yule yule, ila mlango wa kuingilia umebadilishwa. Na kuna kinyago ambacho Diouana anawapa waajiri wake kama zawadi, wakakitundika ukutani. Kinapita mikono kadhaa, na mwishoni mtoto anakivaa usoni na kumfuata yule bwana wa Kifaransa katika vichochoro vya Dakar mpaka bwana anaanza kukimbilia gari lake. Hakuna mtu anayetamka neno "hatia".

Hadi uzeeni alikuwa anafanya kazi hivyo. Katika Moolaadé ya mwaka 2004, mama anayewahifadhi wasichana waliokimbia kukeketwa anafunga kamba ya nyuzi za rangi mlangoni, chini kabisa, mahali ambapo hata kuku anaweza kuiruka. Kijiji kizima kinasimama nje ya kamba hiyo na hakuna anayethubutu kuivuka. Riwaya ingehitaji kurasa kadhaa kueleza nguvu ya hifadhi hiyo.

Kwa hiyo mtayarishaji wako alipokuuliza atalipigaje picha, nadhani alikuuliza swali la haki, hata kama kalamu yake haikuwa na adabu. Bi Zuhura amesubiri miaka saba. Anaposubiri, mikono yake inafanya nini?

Msomaji wa Bukavu amejibu:

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kivu. Mimi nimemsoma Sembène kwa Kifaransa, lugha aliyoiandikia, na ninaomba nitofautiane kidogo na Mwalimu, kwa heshima zote, kuhusu neno "kugeukia". Tukilitumia bila tahadhari, ndugu Mtunzi atadhani kwamba kuna mto, na aliyeuvuka hawezi kurudi. Sembène alirudi kila mara. Xala ilikuwa riwaya mwaka 1973 na filamu miaka miwili baadaye. Mwaka 1981, akiwa amekwisha kutoa filamu ndefu kadhaa, alichapisha Le Dernier de l'Empire, riwaya ndefu ya siasa. Guelwaar ilifuata njia ya kinyume kabisa, kwani ilikuwa filamu mwaka 1992 ndipo ikawa riwaya mwaka 1996. Na riwaya yake kubwa kuliko zote, ile ya reli, hakuifanya filamu hata siku moja. Kwangu mimi jambo hilo lina uzito. Aliishi miaka 47 baada ya kuichapisha, akiwa mwongozaji maarufu, na akaiacha ibaki kitabu.

Jambo la pili ni lugha, ambalo mnalipita haraka. Kwa Kifaransa, wahusika wa Le Mandat wanazungumza lugha ambayo wengi wao wasingeijua. Msomaji anakubali, kama tunavyokubali mambo mengi kitabuni. Katika filamu, mzee Dieng angefungua kinywa chake na kutoa Kifaransa safi, uongo ungesikika papo hapo. Ndiyo maana Mandabi ilizungumza Kiwolofu, na hutajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza katika lugha ya Afrika Magharibi. Lakini fedha za Ufaransa zilikuja na sharti la Kifaransa, hivyo ikabidi itengenezwe pia kwa lugha hiyo. Miaka miwili kabla yake, katika La Noire de..., mawazo ya Diouana, binti asiyesoma, tunayasikia kwa Kifaransa, na kila ninapoitazama filamu hiyo naumia mahali hapo. Baada ya Mandabi hakurudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na mtaalamu wa lugha Pathé Diagne kuanzisha Kaddu, gazeti la Kiwolofu. Katika Xala, tajiri anazungumza Kifaransa na binti yake Rama anamjibu kwa Kiwolofu, anakataa hata kunywa maji ya chupa ya kutoka Ufaransa ambayo baba yake anayatumia mpaka kwenye gari. Na filamu ya Ceddo, ya mwaka 1977, ilizuiwa nchini mwake, na sababu iliyotolewa rasmi ilikuwa tahajia: serikali ya Rais Senghor ilitaka jina hilo liandikwe kwa d moja, naye akakataa kuipunguza ile ya pili. Mtunzi wa riwaya tu ndiye anayeweza kupigania herufi kiasi hicho ndani ya kazi ya picha.

Ndugu Mtunzi, wewe umeandika kwa Kiswahili tangu mwanzo, na watu wa kitabu chako wanazungumza kama watu wa kwao. Sembène alihitaji kuvuka bahari mbili ili afike hapo ulipoanzia. Sentensi yako kuhusu Bi Zuhura iache kitabuni, ni yake huko. Hakuna mtayarishaji anayeweza kuifuta kutoka kwenye nakala zilizokwisha kuuzwa.

Mwalimu wa Fasihi amejibu:

Msomaji wa Bukavu, nimekubali sahihisho lako, na kuhusu riwaya ya reli sikuwa nimelifikiria hivyo. Niongeze moja tu. Kulikuwa na skripti aliyoiota kwa miaka mingi, kuhusu Samori Touré, mtawala aliyewapiga vita Wafaransa, na alifariki Dakar tarehe 9 Juni 2007 bila kuipiga picha. Mtunzi wa riwaya anahitaji kalamu na muda. Mtunzi wa filamu anahitaji pia farasi, mavazi, mamia ya watu na mfuko wa mtu mwingine. Ndugu Mtunzi aliweke hilo katika hesabu zake anapoamua.

Mtunzi wa Mikindani amejibu:

Walimu wangu, nimesoma majibu yenu yote usiku wa jana, nikayasoma tena alfajiri. Mkataba nimeutoa kabatini: jina langu limeandikwa, lakini kifungu cha umiliki wa riwaya hakieleweki, na nimemwomba mwanasheria mmoja ninayemfahamu anisaidie kukisoma kabla sijapeleka chochote.

Swali la Mhariri kuhusu mikono ya Bi Zuhura ndilo lililoninyima usingizi. Nimeandika kitabu kizima juu ya mwanamke huyu, na nilipojiuliza mikono yake inafanya nini, sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemjua kwa maneno yangu tu. Nikamkumbuka bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa na mtoto baharini, nikaanza kumtazama tena jinsi alivyokuwa akiishi, na asubuhi nikaandika hivi:

Jioni. Ua wa nyumba. Bi Zuhura anapakua wali katika sahani mbili. Moja anaifunika kawa na kuiweka juu ya kinu kilichopinduliwa karibu na mlango. Nyingine anaila polepole, akiwa ameelekea njiani. Asubuhi. Anaifunua ile sahani, anawamwagia kuku, anaisuuza, anaipangusa kwa upande wa kanga, anairudisha mahali pake. Jioni. Sahani mbili. Kawa ni ile ile, lakini ukindu wake umepauka na ukingo umefumuka. Asubuhi. Kuku wanakuja wenyewe kabla hajaifunua.

Ni nusu ukurasa, na hakuna anayesema neno. Nilimtumia mtayarishaji sehemu hiyo peke yake saa nne asubuhi, naye amenijibu mchana huu kwamba kawa ya pili iliyochakaa itabidi itafutwe mapema, na akaniuliza kama wakati wa kuipangusa sahani Bi Zuhura angeweza kusema japo sentensi moja, ili mtazamaji ajue anayesubiriwa ni nani. Nimemwambia hapana.